Kibanio cha Gavana

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena duniani. Nasema hivyo bila kujitapa, na wanaonifahamu pale Kirumba, hapa Mwanza, watakwambia ni kweli. Nimeona tajiri akilala na shibe akaamka ombaomba. Nimeona maskini akilala njaa akaamka tajiri, na huyo ni mimi mwenyewe. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini leo nina malori matatu yanayobeba samaki, nyumba ya bati jipya, na kule Buswelu nina zizi la ng'ombe ambalo wasomi wenye shahada zao huja kupiga picha mbele yake. Sikurithi hata kwato moja.

Basi maonyesho ya wakulima yalipokaribia nikaamua kupeleka fahali wangu mkubwa, nikaenda kwa fundi wa kuchomelea kuchagua kibanio. Kwa asiyefuga nimweleze: kibanio ni kile kichochoro chembamba cha miti au chuma. Ng'ombe anaingia, unamfunga mbele na nyuma, hawezi kugeuka wala kukupiga teke. Humo unamwosha, unamkata kwato, unamtoa kupe, unampaka mafuta mpaka ang'ae. Ng'ombe wa maonyesho asiyezoea kibanio atakuaibisha mbele ya watu.

Fundi alikuwa navyo viwili tayari. Akaanza kunisifia, hiki kizito, hiki cha kisasa, nami nikawa natikisa kichwa kama mtu anayejua, maana najua. Kijana wake alikuwa ameishiwa grisi, akawa anapaka bawaba kwa samli ya kienyeji iliyochacha. Jua kali, chuma kimepata moto, ile harufu ikapanda. Samli na chuma. Nikashika nguzo ya kile kibanda chake nisianguke.

"Mzee, vipi? Presha?" fundi akauliza.

"Jua tu," nikasema.

Lakini halikuwa jua. Nilikuwa nimerudi nyumbani kwetu, upande wa Usagara, nje ya mji, mtoto ambaye meno ya mbele yameng'oka, mikono imelowa samli mpaka kwenye viwiko, na mbele yangu amesimama Gavana.

Gavana alikuwa fahali wetu. Ninyi wa rika langu mnakumbuka zile siku za wakoloni, serikali ikiwapigia watu kelele kwamba ng'ombe wamezidi, lazima wapunguzwe, kila kaya ipeleke kadhaa mnadani itake isitake. Baba yangu, Luhende, aliona heri kumwita fahali huyo Gavana, ili walau gavana mmoja ale nyasi kwa amri yake. Alikuwa mweusi mwenye mabaka meupe tumboni, nundu yake inalala upande kama kofia ya mlevi. Nilimpenda kuliko ndugu zangu. Nilimwambia Gavana mambo ambayo mama hakuyajua.

Zizi letu lilijaa. Asubuhi ng'ombe wakitoka vumbi lilifunika mihogo yote, na mimi nilitembea nyuma yao nimebenua kifua. Watoto wengine niliwaona kama wa kuhurumiwa. Na kila mwaka, mavuno ya pamba yakiisha, alikuja Mzee Ngasa, mtu mwenye koti na mwavuli, ambaye nilifundishwa kumwita baba mkubwa. Nilipiga goti, "Shikamoo, baba mkubwa." "Marahaba. Umekua." Alipewa kigoda kizuri na kitoweo cha kuku. Kisha aliingia zizini peke yake, akawa anawagusa ng'ombe mgongoni kwa ncha ya mwavuli, mmoja baada ya mwingine, midomo inacheza. Niliamini anawabariki. Niliamini ndiyo maana hawafi. Hata siku moja nilimwomba aniguse na mimi, akacheka, akanigusa begani.

Mwaka ule bwana mifugo alipita na baiskeli yake akitangaza maonyesho ya ng'ombe mjini Mwanza. Fahali bora atapata zawadi, na mwenye kutaka kuingia sharti awe na kibanio nyumbani, ng'ombe azoee. Wazee walisikiliza mpaka alipoondoka. Kisha Mzee Malimi, jirani yetu, akatema mate.

"Kibanio," akasema. "Leo wanasema cha kumwoshea. Kesho watawapanga ng'ombe zetu humo, huyu abaki, huyu mnadani. Mtu atakayejenga kitu hicho atakuwa amejenga jela. Na askari wake atakuwa yeye mwenyewe."

"Ng'ombe aliyejaa kupe yuko jela tayari," baba akamjibu.

"Wee Luhende. Una haraka gani ya kusifiwa na wazungu?"

Baba akawapa mgongo akaingia zizini. Mimi nilidhani ni kiburi, nikafurahi, maana nilipenda kiburi tangu hapo. Sikukumbuka kwamba siku chache kabla yake Mzee Ngasa, aliyezipata mapema habari za maonyesho, alikuwa amekaa kwenye kile kigoda na kumwambia baba maneno haya: mfikishe Gavana kwenye zawadi, nami nitakupa mitamba wawili, wawe wako na watoto wako. Niliwapelekea maji ya kunawa nikayasikia. Nikafikiri, baba mkubwa ni mtu wa kutoa zawadi kweli, anampa mdogo wake ng'ombe juu ya ng'ombe.

Kibanio cha miti hujengwa na watu wengi siku moja. Unapika ugali, unachemsha pombe, wanakuja na mashoka. Baba alipika, alichemsha. Hakuna aliyekuja. Pombe ikachacha ndani ya mtungi, ugali tukala sisi kwa siku mbili. Siku ya tatu baba akanishika mkono tukaenda mjini kwa Fundi Shabani, aliyetengeneza vitanda na magurudumu ya mikokoteni karibu na ziwa. Mtu wa kanzu, mcheshi, babu zake walikuja Mwanza na misafara wasirudi kwao.

Fundi Shabani alikuwa amewatengenezea wazungu wa shamba fulani vibanio viwili wasije kuvichukua. Kimoja chepesi, cha mabomba ya maji. Kingine cha vyuma vya mraba, kizito, kimeungwa kwa ribiti, kina mlango wa mbele wa kubana shingo.

"Chukua hiki cha mabomba, Mzee," fundi akasema. "Bei nafuu, na punda mmoja anakibeba."

Baba akavizunguka vyote viwili. Akavigonga. Akanusa. Kisha akavua shuka yake akanipa, akabaki na kaptula, akainama akaingia ndani ya kile cha mabomba kwa mikono na magoti.

"Nifungie," akaniambia.

Nikamfungia. Watu wa sokoni wakaanza kusogea. Baba akajisukuma kulia, akajisukuma kushoto, akapiga teke nyuma, akarusha kichwa. Akatoka ana mchubuko ubavuni.

"Hiki kinakwaruza," akasema. Akaingia kile kizito. Nikamfungia. Akarusha kichwa, akapiga teke, akakaa humo muda mrefu amefumba macho.

"Mzee," Fundi Shabani akasema, "mimi nauza vitanda miaka yote, hakuna mteja aliyekijaribu kitanda kwa uaminifu huo."

Watu wakacheka. Nami nilicheka. Baba akatoka, akajipangusa vumbi magotini.

"Hiki. Ila niongezee pete ya kufungia kamba hapa chini." Akaweka kiganja kwenye kichwa changu kunipima, kisha akakishusha hadi kwenye chuma, usawa wa kifua changu. "Huyu ndiye atakayemfunga. Ile ya juu haifikii."

Malipo yalitoka kwa mtamba wetu mwekundu. Baba alimfunga kamba alfajiri na mapema twende naye mnadani. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi, hasogei, mpaka baba akamwita kwa jina la ukoo wake ndipo akatupisha. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti. Mimi niliona aibu. Nikamwambia, "Mama, unamlilia mmoja na zizi limejaa? Tunao wengi." Alijipangusa macho kwa kiganja. "Nenda na baba yako," akasema.

Njiani nikamwambia baba kwamba wanawake ni wachoyo. Baba akaendelea kutembea.

Kibanio kilipofika kwa mkokoteni kijiji kizima kilikuja kukitazama, na hakuna aliyekigusa. Mzee Malimi akakizunguka kama anayemzunguka nyoka aliyekufa. "Sisi hatujakiona," akawaambia wenzake, "mmesikia? Kitu hiki hatujakiona." Wakaondoka.

Mwezi mzima ule mimi nilikuwa mfalme. Asubuhi namwingiza Gavana, nafunga kamba kwenye pete yangu, pete ya kimo changu. Baba anamsugua kwa majani makavu na maji ya majivu, anamkwangua kwato kwa kipande cha panga. Mama alikuwa ametoa samli yake yote, ile ya kibuyu aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya uzazi, nami nampaka Gavana mgongoni, kwenye nundu, nyuma ya masikio. Samli inayeyuka, inatiririka kwenye chuma, jua linapanda, chuma kinaanza kunuka. Siku za mwanzo Gavana alipiga kelele. Baadaye akawa anaingia mwenyewe, anasubiri.

Tulimtembeza mpaka mjini polepole asije akakonda. Pale uwanjani, ziwa linaonekana nyuma ya mawe, kulikuwa na mafahali wengi wenye majina ya wakubwa, wengine wanarusha vumbi, mmoja akavunja uzio akamwangusha karani. Gavana akaingia kwenye kibanio cha serikali kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Akasimama. Akang'aa mpaka nikaona kivuli changu ubavuni mwake. Bwana Shauri mwenyewe, mkuu wa wilaya, akaja na kofia yake pana, akampapasa, akasema kitu.

"Anauliza jina la fahali," mkalimani akasema.

"Gavana," baba akajibu.

Mkalimani akatazama viatu vyake. Kisha akamgeukia yule mzungu akatamka jina jingine, refu, ambalo mpaka leo silijui. Watu waliokuwa karibu walibana vicheko mpaka machozi.

Gavana akawa wa kwanza. Mkalimani akapaza sauti, mwenye ng'ombe ajitokeze. Nikamsukuma baba kiunoni. "Nenda, baba." Akapiga hatua, au nusu ya hatua, kamba mkononi. Na hapo mwavuli ukafungwa. Mzee Ngasa akapita mbele yetu na koti lake, akapeana mkono na Bwana Shauri, akapokea plau mpya na utepe mwekundu. Watu wakapiga makofi. Baba alikuwa ameshika kamba, anamtuliza Gavana asishtuke kwa makofi.

Mzee Ngasa alinipa mimi ule utepe. Alinifunga mkononi kwa vidole vyake. Nikafurahi, jamani. Nikarukaruka. Niliona ni sawa kaka mkubwa aseme kwa niaba ya ukoo. "Baba, tumeshinda," nikamwambia. Baba akasema, "Funga kamba."

Hazikupita wiki nyingi Mzee Ngasa akaja na vijana wawili na mkokoteni. Safari hii hakuketi. Aliingia zizini na mwavuli wake, akawagusa wote, midomo inacheza, kisha vijana wakaanza kuwatoa. Wote. Gavana mbele.

"Ng'ombe wanaong'aa namna hii hawakai kwa mtu," alimwambia baba. "Watu watasema ni wako."

"Na mitamba wawili?"

"Luhende. Maziwa mliyokunywa miaka yote hii mimi sikuyahesabu. Na wewe usihesabu."

Kisha akaonyesha kibanio kwa kidole, na vijana wakakipakia kwenye mkokoteni. Baba akakishika upande wa pete. "Hiki si chako." Mzee Ngasa akamjibu kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, "Kamba ya ng'ombe huenda na ng'ombe. Hata hicho." Vijana walikuwa wawili, na baba alikuwa mmoja. Mimi sikuhesabiwa.

Niliwasubiri jioni. Kulipokucha nikaenda zizini na fimbo yangu, nikakuta samadi tu na nzi. Nikamfuata mama jikoni.

"Wa baba mkubwa wameondoka," nikasema. "Wetu wako wapi?"

Mama alikuwa akipuliza moto. Hakugeuka. "Wetu alikuwa mmoja," akasema. "Ulimpeleka mnadani wewe na baba yako."

Nanyi mnaojua mila ya kwetu mmeshaelewa tangu mwanzo, mtoto tu ndiye hakuelewa. Mwenye ng'ombe wengi huwagawa kwa wasio nao, wawatunze, wanywe maziwa, wapate samadi ya shamba. Ugonjwa ukipita upande huu, wa upande ule wanapona. Mtunzaji mzuri, baada ya miaka, hupewa ndama wa shukrani. Hakuna ubaya katika mila hiyo. Nusu ya mazizi ya nchi ile yalisimama hivyo. Ila hakuna mtu anayemwambia mtoto, na mtoto anakua amebenua kifua nyuma ya mali ya mwenzake.

Baba alikwenda barazani. Ng'ombe hakuwadai, wala hata mitamba wawili hakuwadai sana, kwa sababu waliahidiwa bila mtu mzima mwingine kusikia. Alidai kibanio. Wazee wakasema, haya, lete mashahidi kwamba kilinunuliwa kwa mali yako. Mambo ya ng'ombe kwetu yalikwenda kwa mdomo wa jirani. Baba akamgeukia Mzee Malimi.

Malimi alisimama taratibu. Hakuwa mtu mbaya, alitusaidia kumzika dada yangu mchanga. "Wazee wangu," akasema, "kitu hicho tulikikataa kwa kauli moja. Tulisema hatujakiona. Sasa nikisimama leo niseme nilikiona kikiletwa, nitakuwa nimekikubali. Na nikikikubali mimi, kesho bwana mifugo atakuja kuniuliza changu kiko wapi."

Wengine wakaguna kukubali. Walikuwa wakipigana na serikali, unaona, na baba yangu ndiye alikuwa jiwe la karibu la kurusha.

Fundi Shabani alikuja kutoka mjini kwa miguu yake, na kanzu yake safi, akaapa kwamba aliyelipa ni Luhende. Mzee mmoja akamwuliza, "Ulimwona ng'ombe aliyeuzwa?" Akasema hapana, niliona fedha. Yule mzee akatikisa kichwa. "Fedha haina alama ya sikio, mwanangu. Itakuwa ni ya ng'ombe wa nani?"

Ikaisha hivyo. Baba alisimama katikati ya watu, huku Ngasa, huku Malimi, hawezi kugeuka. Akasema, "Nimesikia," akachukua shuka yake.

Haukupita muda mrefu uhuru ukaja. Magavana wote wawili wakawa wameondoka, mmoja kwa ndege na mwingine kwa miguu. Malimi alicheza ngoma mpaka akaumia goti. Sisi tulikuwa tumehamia mjini, baba anabeba marobota ya pamba, na siku ya sherehe alibeba pia, kwa sababu meli haikujua sherehe. Shuleni nilipewa bendera ya karatasi na mkate. Mwaka uliofuata nikatoka shule nikaanza kubeba matenga ya samaki pale Kirumba, nikiwa mfupi kuliko tenga lenyewe. Mengine mnayajua, nimeshawahadithia, malori na kadhalika.

Baba hakufuga tena. Hata nilipopata ng'ombe wa kwanza nikamwita aje amwone, alisema mgongo unamuuma. Maziwa hakunywa tena mpaka anakufa. Chai yake ilikuwa ya rangi, na mgeni akimtilia maziwa kwa kutojua, alikishika kikombe mkononi mpaka chai ikapoa, akairudisha.

Sasa turudi kwa yule fundi wa kuchomelea na bawaba zake za samli. "Mzee, unachagua kipi?" Kile kizuri kilikuwa laki moja na themanini elfu, na fedha nilikuwa nazo mfukoni. Nikamwambia nitarudi. Nikamwambia dereva wangu, Usagara.

Miaka yote malori yangu yanapita pale njia panda, na mji wa Mzee Ngasa naujua, sijawahi kukunja kona. Siku ile nikakunja. Mwanawe alinipokea, mtu wa umri wangu, mvi kama zangu. Baba yake alikufa zamani, ng'ombe waliisha kwa kugawana. Kibanio kilikuwa nyuma ya nyumba, kimekula kutu, juu yake wameanika udaga, ile mihogo iliyovundikwa.

"Hicho, bwana mkubwa?" akasema. "Chuma chakavu. Nipe elfu thelathini, utakuwa umenifagilia uwanja."

Na mimi mfanyabiashara, mtu ambaye hajapunjwa tangu aote ndevu, nilitakiwa kutoa elfu thelathini na kuondoka. Badala yake niliinama kutafuta ile pete. Ilikuwepo. Ilinigonga kwenye paja. Nikavua koti, nikampa dereva, nikaingia humo kwa mikono na magoti, na mwili huu ulionenepa.

"Nifungie," nikamwambia dereva.

Akanifungia. Nilikaa humo sijui muda gani. Chuma hakikunikwaruza popote.

Nilipotoka mwana wa Ngasa alikuwa ananitazama kwa jicho jingine kabisa. "Bwana mkubwa, nimefikiri tena," akasema. "Hiki ni kumbukumbu ya marehemu mzee. Alikuwa akituambia alikitengenezesha mwenyewe, kwa mtamba wake mwekundu. Hata hiyo pete ndogo aliiwekesha kwa ajili yangu, nilipokuwa mtoto."

Nilisema kwamba hakuna cha kunishangaza. Basi.

Sikumbishia. Shahidi ningemtoa wapi? Nikamwuliza anataka ngapi, akataja, sikupunguza. Vijana wake walipokipakia kwenye lori wakamwaga udaga, naye akauongeza kwenye hesabu. Nikamhesabia noti moja moja juu ya chuma cha baba yangu: shilingi laki mbili, elfu kumi na nne na mia tano, ile mia tano ikiwa ya udaga.